Jumapili Niliyomsamehe Baba

Mwezi uliopita jirani yangu hapa Giakanja alipata mjukuu, na kama kawaida yetu kondoo akachinjwa ili mzazi apate supu na mafuta. Nilienda na unga wangu na sukari yangu, nikakaa jikoni na wanawake wenzangu, tukaanza kumsema kila mtu ambaye hakuwepo. Mafuta ya mkia yalikuwa yanayeyuka kwenye sufuria. Halafu mmoja wetu akatupia humo kipande cha nta ya nyuki, ati apate dawa ya kupaka nyayo zilizopasuka. Harufu ile ilipopanda, niliinuka nikasema nimeacha kuku nje. Uwongo mtupu. Kuku wangu wanakaa ndani ya banda lenye kufuli kubwa kuliko ya nyumba yangu.

"Huyu Wangeci," nikasikia nyuma yangu, "hata chai hajamaliza. Huyu alifaa kuolewa na nyumba yake."

"Si aliolewa nayo kitambo!"

Wakacheka, na wana haki. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nikishuka Nyeri mjini kununua dawa ya minyoo ya ng'ombe, narudi nikijiona nimesafiri, na naweza kuisimulia safari hiyo wiki nzima. Lakini siku ile sikuwa nakimbilia nyumbani. Nilikuwa namkimbia baba yangu, ambaye tulishamzika.

Mafuta ya kondoo na nta ya nyuki, yakiyeyushwa pamoja kisha yakaachwa yapoe, hugeuka kitu laini chenye rangi ya siagi. Baba alikiweka katika mkebe wa zamani wa rangi ya viatu, na alikitumia kupaka bastola zake. Naomba usishtuke mapema. Mimi nilishtuka mapema, na hapo ndipo balaa ilipoanzia.

Baba alikuwa fundi wa saa pale Kiganjo. Alikuwa na chumba kimoja katika safu ya maduka, na sisi tuliishi vyumba vya nyuma. Wateja wake wengi walikuwa makuruta na wakufunzi wao, kwa sababu Kiganjo ni mji wa polisi, na polisi ni watu wa saa. Alikuwa mpole, mwenye vidole virefu, aliyetumia maneno kama mtu anayetumia chumvi ya kuazima. Kanisani hakuwa anaenda. Alisema Jumapili ndiyo siku pekee ambayo saa za watu zinamwacha apumzike, na mama akamjibu kwamba kuna saa moja ambayo haitamwacha. Huo ndio ulikuwa ugomvi wao wote wa ndoa, na walikuwa wameuzoea kama kiti.

Zamani, mashamba makubwa ya upande wa Naro Moru yalipokuwa yanabadilisha wenyewe, vitu vya nyumbani viliwekwa kwenye nyasi vikauzwa kwa mnada. Baba alienda kutafuta saa za ukutani. Siku moja akanunua sanduku zima la vyuma kwa sababu ya saa moja iliyokuwa juu, na chini kabisa, ndani ya kipande cha gunia, akakuta bastola iliyoshikana kwa kutu hata silinda yake haizunguki. Mtu mwingine angeitupa chooni. Baba aliitazama kama anavyotazama saa iliyosimama. Aliishughulikia karibu mwaka mzima, na ilipoanza kuzunguka tena akaitia kwenye mfuko wa karatasi, akaenda nayo mpaka kituoni awaonyeshe. Walicheka. Mmoja akamwambia, "Fundi, hii pigia msumari ukutani, wageni waone." Hakuna aliyeandika chochote. Baba akakichukua kicheko kile kama leseni.

Nyingine nne zikafuata. Moja aliipata kwa mpishi mzee wa Naro Moru ambaye mwajiri wake alimwachia alipoondoka, na mzee huyo alikuwa anatumia kitako chake kupasulia makadamia. Nyingine ilitoka kwa mnunuzi wa vyuma chakavu huko Karatina. Nyingine alibadilishana na saa ya kengele. Ya tano hakuwahi kusema ilitoka wapi, nami sitaanza leo kumbunia. Zote zilikuwa za aina ile ya kale kabisa, kabla watu hawajajua kuweka risasi na baruti katika ganda moja. Alinieleza mara moja, kwa sentensi nyingi kuliko kawaida yake.

"Hii risasi za siku hizi haziingii. Unamwaga baruti kwa kila tundu, sita. Unaweka risasi ya duara, unashindilia na huu mkono wa chini. Halafu hapa nyuma unavalisha fataki, kama kofia ndogo. Mpaka umalize, adui amefika kwake, amekunywa chai."

Baruti hakuwa nayo. Fataki hakuwa nazo. Alichokuwa nacho ni Jumamosi alasiri. Alifunga duka, akatandika blanketi la kijani juu ya meza, akatoa sanduku. Aligonga kabari ndogo iliyopita katikati ya chuma, na bastola ikaachana vipande vitatu: mtutu, silinda, na mwili wenyewe. Akaosha kila kipande kwa maji moto na sabuni, akakikausha karibu na jiko, akakipaka yale mafuta kwa kitambaa cha flana. Mimi nilikaa kwenye kigoda, kidevu juu ya magoti. Silinda ya moja ilikuwa na picha iliyochorwa kwa ncha kali, imelika kwa miaka. Baba alisema ni meli za vita baharini. Mimi, mtoto niliyezaliwa chini ya mlima, niliona kuku wanapigana, na nikanyamaza kwa heshima.

Kisha lilikuja lile nililokuwa nalingojea na kuliogopa. Baba alibana lenzi yake ya saa jichoni, akasogeza chuma karibu na dirisha, akasoma polepole.

"Mtutu: tisa, mbili, moja, nne. Mwili: tisa, mbili, moja, nne." Hapo akashika pumzi. "Silinda... tisa, mbili, moja, nne." Akatabasamu mpaka nikaona magego yake. "Zimelingana, Maitu. Hakuna kilichobadilishwa. Tangu siku ilipotoka."

Aliniita Maitu, yaani mama yangu. Nilikuwa binti yake wa kwanza, kwa hiyo nilibeba jina la mama yake, na kwetu mtu hawezi kumwita mama yake kwa jina kavu. Hata kunichapa hakuweza. Mama alipomwambia anichape, alisema, "Nitaanzaje?"

Sasa sikiliza akili ya mtoto. Kwenye mizani huandikwa kilo. Kwenye debe huandikwa lita. Kwenye bastola kungeandikwa nini tena, kama si watu iliowaua? Hakuna aliyeniambia hivyo, wala sikuuliza, maana jambo nilikuwa nimelitatua mwenyewe. Ile bastola ilikuwa imeua watu elfu tisa mia mbili na kumi na wanne, na ilipigwa namba mara tatu ili isiweze kukana. Bastola ya yule mpishi ilikuwa na namba tofauti kwenye silinda, na baba kila akiisoma alisikitika, "Hii imechanganywa." Nikaelewa kwamba hesabu ya marehemu ilikuwa na utata. Nilizijumlisha zote tano nyuma ya daftari langu, nikapata watu wengi kuliko wote niliowahi kuwaona Kiganjo, Nyeri na Karatina wakiwekwa pamoja. Na baba yangu mpole, kila Jumamosi, alikuwa anawahesabu na kufurahi.

Niliogopa kweli. Naomba uliandike hilo kwa upande wangu, kwa sababu yanayofuata hayana upande wangu.

Mama alikuwa ameokoka, na mimi nilikuwa mkia wake. Ibada yetu ya Jumapili alasiri ilifanyika ndani ya kanisa la mabati karibu na reli, na kiini chake kilikuwa ushuhuda. Mtu alisimama, akasalimia, akasema alichofanya kabla Bwana hajamtoa huko, na kadiri alivyokuwa ametoka mbali ndivyo wimbo ulivyokuwa mrefu baada yake. Watoto pia tulishuhudia. Shida yangu ilikuwa kwamba sikuwa nimetoka popote. Nilikuwa nimekiri kulamba sukari mara tatu, na ile ya tatu watu waliimba ubeti mmoja tu, tena wakiwa wamekaa.

Na kulikuwa na Nekesa. Nekesa alikuwa wa umri wangu, binti wa Sajini Barasa, mkufunzi wa makuruta aliyetoka upande wa Bungoma. Walikuwa wamehamishwa vituo vingi, na kila kituo kilimwachia Nekesa ushuhuda mpya. Alikuwa na ndoto za moto. Alikuwa na sauti iliyomwita kutoka ziwani. Watu wazima walilia. Mimi shetani wangu angetoka wapi? Mto Sagana? Kule kulikuwa na samaki tu.

"Wewe ushuhuda yako ni ya sukari," Nekesa aliniambia wakati mmoja tukichota maji bombani. "Hata Mungu amechoka kuisikia. Ameshakusamehe mpaka akasahau."

Jumapili iliyofuata nilisimama.

"Bwana Yesu asifiwe," nikasema. "Nyumbani kwetu kuna bastola tano. Zimeua watu elfu na maelfu. Baba yangu huzitoa kila Jumamosi, anahesabu watu waliokufa, halafu anafurahi. Na mimi nimekuwa nikinyamaza, lakini leo nimetoka gizani."

Hilo la kutoka gizani nililiazima kwa Nekesa.

Sijawahi kusikia kimya kama kile, na sijui kama nimewahi kusikia wimbo kama uliofuata. Waliinuka wote. Mwanamke mmoja alinibeba juu, mtoto mkubwa kama mimi, miguu inaning'inia. Nilitazama chini nikamwona Nekesa mdomo wazi. Nilimwona pia mama, ambaye alikuwa ameketi peke yake katika kanisa lililosimama, mikono imeshika kitambaa chake kana kwamba kingepeperuka.

Watu wazima hawakuamini hesabu yangu. Waliamini bastola. Miezi ile watu walikuwa wanaibiwa kwa mabavu kwenye barabara ya Naro Moru, na kila mtu alitaka kujua wezi wanatoa wapi silaha. Kufikia Jumatatu asubuhi Kiganjo ilikuwa imepata jibu.

Sajini Barasa alikuja saa nne, amevaa sare, na aliacha wenzake wawili nje. Baba alikuwa na saa ya mtu imefunguliwa mbele yake.

"Karibu kiti, Afande."

"Fundi, mimi sikuja kwa vita. Hiyo saa unarekebisha ni ya nani?"

"Ni yako."

Sajini akasugua uso. "Mimi mwenyewe niliketi pale nikasikia. Kanisa mzima imesikia. Mkubwa ameamka na hiyo maneno mezani. Nikikaa kimya, ati mimi ndio nakuficha."

Baba akaenda chumbani, akarudi na sanduku, akalifungua. Hakuuliza ni nani aliyesema. Kwenye safu ile ya maduka hata paka walikuwa wanajua. Sajini akainua moja, akaizungusha, akachungulia ndani ya mtutu, na uso wake ukalegea.

"Sasa hii itaua nani? Hii ni kama pasi ya nyanya yangu."

"Ndivyo waliniambia wale wa kwanza."

"Waliandika?"

Baba akatikisa kichwa.

"Sasa sikia. Leo nabeba hizi. Lakini nimesema na Mkubwa, na yeye hataki makaratasi mingi. Huyu mtoto akisimama Jumapili, mbele ya wale wale, aseme hiyo mambo ya kuua watu ilikuwa chumvi tu, mimi naandika ni vyuma ya maonyesho, na Jumatatu nakurudishia mwenyewe na mkono yangu. Asiposema, zinakatwa. Mimi sitakuwa na lingine."

Walipoondoka, baba hakunifokea. Wiki ile wateja walikuja mmoja mmoja kuchukua saa zao, nyingine bado zimesimama. "Nitazileta siku nyingine, Fundi," walisema wakitazama ukuta. Kufikia Alhamisi, ile misumari midogo aliyotundikia saa za watu ilikuwa mitupu, na ukuta ukaonekana kama una ndui.

Alhamisi hiyo aliniita. Nilimkuta amepiga magoti kando ya cherehani ya mama. Alinipa lenzi, na ilikuwa mara ya kwanza kuruhusiwa kuibana jichoni.

"Soma hapa chini."

Nikasoma. Kulikuwa na namba ndefu, imepigwa kwenye chuma.

"Sasa niambie, Maitu. Cherehani ya mama yako imeua wangapi?"

Akanipeleka kwenye baiskeli yake, chini ya kiti: namba. Akafungua mgongo wa saa yake mwenyewe ya mkononi: namba. Kila kitu nyumbani kwetu kilikuwa na namba, na hakuna kilichokuwa na damu. Nilihisi masikio yanawaka. Hapo nilielewa kila kitu. Nasisitiza jambo hili kwa sababu kwa miaka mingi nimejitetea kwamba nilikuwa mtoto na sikuelewa. Nilielewa siku ya Alhamisi, saa za mchana, mwanga ukiwa wa kutosha.

"Kiwandani walikuwa wanapiga ili vipande visipotezane," baba alisema. "Ni kama jina. Basi." Kisha akaongeza, "Jumapili sema tu vile ilivyo. Sentensi moja inatosha. Mimi nitakuja nikae huko nyuma, usiogope."

Niliifanyia mazoezi sentensi hiyo. "Nilisema uwongo, zile ni namba za kiwanda." Niliwaambia mbuzi. Niliuambia ukuta wa choo. Ilikuwa sentensi fupi, haina neno gumu.

Jumapili ikafika, na baba akaja. Alikuwa amevaa koti lake la harusi, limembana mabegani, na alikuwa amenyoa mpaka shingo ikawa na vipele. Watu waligeuka kumtazama, wakanong'ona, wakasogea kwenye benchi kumwachia nafasi kubwa kuliko aliyohitaji. Sajini Barasa alikuwa karibu na mlango. Mama aliinamisha kichwa. Nami nikasubiri kuitwa.

Pasta wetu alikuwa mtu mwenye moyo mzuri, sina neno naye. Alisimama akasema, "Kabla mtoto wetu Wangeci hajatoa neno alilo nalo, nataka kanisa lijue. Mwezi ujao kuna mkutano mkubwa Nyeri mjini, uwanjani. Wameomba mtoto mmoja kutoka kwetu atoe ushuhuda mbele ya umati. Wazee wamekaa. Wamesema ni huyu."

Nikaenda mbele. Nikamtazama Nekesa, aliyekuwa amevaa gauni jipya kwa ajili ya uteuzi ambao hakuupata. Nikamtazama baba. Aliniinamishia kichwa kidogo, kama anavyofanya saa ikianza kutembea.

"Bwana Yesu asifiwe," nikasema.

"Asifiwe!"

"Baba yangu amekuja leo."

Hapa nikanyamaza. Nimejaribu kujiambia kwamba kilichofuata kilitoka chenyewe, kwamba ni roho, ni hofu, ni joto la mabati. Hakikutoka chenyewe. Ile nafasi ya kimya ilikuwa pana, naikumbuka kama chumba. Upande mmoja kulikuwa na sentensi ya mbuzi na ya ukuta wa choo. Upande mwingine kulikuwa na uwanja wa Nyeri. Nilisimama katikati, nikatazama huku na huku kama mtu anayechagua kitambaa, nikachagua.

"Nimemsamehe baba yangu."

Kanisa lililipuka. Walilia waliokuwa hawalii. Walikwenda nyuma wakamzunguka baba, wakapanga foleni kumshika mkono, mtu aliyesamehewa na mtoto wake mwenyewe. Na mtoto mwenyewe, kila mtu alijua, amebeba jina la mama yake. Mama yake alimsamehe mbele ya watu kosa ambalo hakulifanya. Nilimwona anasimama, koti limembana, anapokea mikono ile yote. "Asante," alikuwa anasema. "Asanteni. Asante." Wa mwisho alikuwa Sajini Barasa. Alimshika baba mkono huku ananitazama mimi, na ndiye mtu pekee mle ndani niliyeweza kusoma anachofikiri.

Njiani kurudi nyumbani baba alitembea mbele na mama. Tulipofika lango akalishikilia nipite.

"Ingia, Wangeci," akasema.

Hilo ndilo pigo alilonipiga, na hakunipiga lingine maishani. Hakuniita tena Maitu. Watu wasiojua hawakuona tofauti.

Bastola zilikatwa wiki ile. Sajini alimtumia habari kwamba anaweza kuja kuona au asije, na baba akaenda. Aliporudi alimwambia mama neno moja tu mbele yetu: "Wameanza na ile ya mpishi." Mkebe wa mafuta ulibaki chini ya meza. Mama hakuona sababu ya kutupa kitu kizuri, akautumia kutupaka nyayo sisi watoto kila tukioga, mpaka ukaisha. Nilipakwa pamoja na wengine. Nilinyoosha mguu.

Na baba akaanza kwenda kanisani. Kila Jumapili, benchi lile lile la nyuma. Nilijiaminisha kwamba ameokoka, na kwamba basi mwishowe nilifanya jema. Nilikuwa mtu mzima, nimemaliza kidato cha nne, nauza vitambaa dukani Nyeri, kabla sijakubali kuona lililokuwa wazi: mtu aliyesamehewa akikosa kanisani, watu husema amerudia mambo yake. Saa zilirudi kwenye misumari kwa sababu baba alirudi kwenye benchi. Alitulisha kwa kukaa pale. Mimi nilienda uwanjani Nyeri, nikapewa Biblia yenye zipu. Nilialikwa Nanyuki, nikaalikwa Othaya. Kufikia Othaya bastola zilikuwa saba.

Mama alipofariki nilihamia hapa Giakanja, kwenye shamba letu ambako baba alikuwa amestaafia, kumtunza, na kwa miaka mingi tulikuwa wawili tu. Kila asubuhi nilikuwa na nafasi ya kusema. Kila asubuhi nilipika uji. Mara moja tu nilianza.

"Baba, zile bastola..."

Alikuwa anakuna sikio la mbuzi. Hakugeuka.

"Zipi?" akasema.

Mtu yule, aliyekumbuka namba ya kila saa iliyopita mikononi mwake. Nilisimama na bakuli langu. Nikasema, "Basi tu," nikarudi jikoni, na nikiri kwamba nilirudi kwa furaha, kama mtoto aliyeambiwa leo hakuna mtihani.

Tulipomzika, mahema yalijaa. Pasta wa sasa ni kijana, hakumjua baba akiwa na nywele nyeusi, lakini hadithi aliirithi pamoja na kanisa. Akawaeleza waombolezaji kwamba mzee huyu mnayemwona hapa alikuwa jambazi sugu wa barabara ya Naro Moru, mtu wa bunduki, mwenye damu mikononi, hadi siku mtoto wake mdogo aliposimama mbele ya kanisa. Wajukuu wa ndugu zangu walikuwa wananyanyua simu wakirekodi. Kisha akanipa mikrofoni, mimi mtoto mwenyewe, nywele zimeanza mvi, niseme neno la mwisho.

Nilitazama lile sanduku alimolazwa. Nikasema, na sauti yangu ilisikika mpaka barabarani:

"Baba yangu hakuwa jambazi. Hakuua mtu. Zile namba zilikuwa za kiwanda. Mimi ndiye niliyedanganya, na nilijua."

Nilihisi mabega yangu yanashuka, kama mtu aliyetua debe. Halafu Pasta kijana akajifuta macho, akaniwekea mkono begani, akawageukia watu.

"Mmesikia upendo?" akasema. "Mmesikia jamani? Mpaka leo anataka kumbebea baba yake dhambi!"

"Amina!" wakaitika watu wa mahema yote matatu. Wanawake wakaanza kulia upya. Mzee mmoja akainuka akaanzisha wimbo, lakini akauanzisha juu mno, ukaanza kumvunjikia kooni. Watu wakanitazama. Mikrofoni ilikuwa bado mkononi mwangu, na wimbo ule naujua vizuri. Nikaushusha mahali pake, nikawaongoza.